Kofia Iliyoziba Mabusu: Kumuaga Mzee Faraji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Faraji Kombo anastaafu, baada ya kupiga pasi katika hoteli yetu hapa Al Sadd kwa miaka ishirini na miwili. Alifika Doha mwaka 2003 akitokea Zanzibar, na sanduku moja na kanzu mbili. Waliompokea uwanja wa ndege wanasema sanduku lilikuwa kuukuu, limefungwa kamba, lakini kanzu zilitoka humo zimenyooka kana kwamba zimesafiri daraja la kwanza.

Ofisi ya wafanyakazi imeniomba wasifu wa ukurasa mmoja kwa jarida letu, wenye mafanikio na vichekesho viwili. Mtauliza kwa nini kazi hii apewe Laban, mlinzi wa lango la nyuma, tena Mkenya, wakati Watanzania wamejaa tele. Ni hivi: kikaoni waliuliza nani alipata alama nzuri ya Kiswahili shuleni, na mkono wangu ukapanda kabla akili haijafika. Ndugu zetu wa Tanga na Unguja walicheka mpaka mudir, meneja wetu, akagonga meza. Nimeandika hivyo hivyo. Ukurasa mmoja umekataa kutosha, na vichekesho vingi vinanihusu mimi.

Tuanze na kazi. Mzee Faraji aliingia chumba cha dobi akiwa wa kupakia mashine, akapanda akawa mpiga pasi, na kwa miaka kumi na miwili iliyopita amekuwa msimamizi wa pasi zote. Kanzu za wageni, mashuka, vitambaa vya meza, sare zetu sisi wote, vyote vimepita mbele ya macho yake. Kuna bwana harusi mmoja aliyeshuka kwa lifti nyuma ya kanzu pakiwa na kunyanzi. Mzee alimvuta nyuma ya pazia, akamsimamisha uso ukutani, akamalizia kwa pasi ya mvuke kanzu ikiwa mwilini. Bwana harusi hakuungua hata unywele. Alitoka pale akitembea kama mfalme, na mwaka uliofuata akaleta sinia la wali wa nyama kwa chumba kizima cha dobi.

Ametufundisha wengi. Vijana aliowalea leo ni wasimamizi katika hoteli nyingine. Mimi mwenyewe alinishika shati siku yangu ya kwanza kazini, akaniuliza kama nimelitoa mfukoni. Tangu siku hiyo nimenyooka, angalau kwa nje.

Lakini ukitaja jina la Mzee Faraji kwenye nyumba yetu ya wafanyakazi pale Fereej Bin Mahmoud, hakuna atakayeanza na pasi. Wataanza na sinema za Ijumaa.

Baba yake alikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema mjini Unguja, na Faraji mdogo alikulia nyuma ya viti, akitazama filamu zilizokwisha kuzeeka kabla hajazaliwa. Alizipenda zile za mwanzo kabisa za Hollywood zenye kuimba, za rangi nyeusi na nyeupe, za mapenzi na vichekesho. Mnazijua. Bwana mwenye koti refu la mkia anakutana na bibi, wanagombana, wanaimba, wanagombana tena, wanacheza juu ya ngazi za marumaru, na bendi nzima inatokea pasipojulikana. Mtu hana kazi lakini sebule yake ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Mwisho ni harusi. Hakuna anayekufa ila mshumaa.

Nilipomuuliza amependa nini humo, alinijibu kifundi. Alisema, tazama suruali. Mtu anaruka kiti, anapanda meza, anagonga sakafu kwa viatu mpaka tanuri la jirani linazima, na mstari wa pasi haujavunjika. Aliamini nyuma ya kila bwana yule kulikuwa na dobi mmoja hodari ambaye jina lake halikuandikwa popote. Halafu akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Alisema watu waliokuwa wakizitazama filamu zile kwao wakati ule wengi hawakuwa na kazi wala nyama mezani, na ndiyo maana wachezaji walipiga miguu kwa furaha ile. Walikuwa wanachezea watu wenye njaa. Alisema hata sisi, mtu aliyesimama langoni kwa saa kumi na mbili kwenye jua la Doha, anahitaji kuona mtu akigombana kwa wimbo.

Basi kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri anatundika shuka kwenye ukumbi wa chakula. Ni shuka la kitanda kikubwa ambalo hoteli ililistaafisha kwa sababu ya doa la chai pembeni, kwa hiyo bwana yeyote akisimama upande wa kulia anaonekana amemwagikiwa. Anawasha projekta yake, anashika kipaza sauti, na kama wale jamaa wa vibanda umiza kwetu, anatutafsiria filamu nzima kwa mdomo, papo kwa papo, sauti ya bibi na ya bwana, ya polisi na ya mbwa.

Na busu likikaribia? Hapo kuna sheria. Mzee anavua kofia yake ya vito, anaiweka mbele ya projekta, ukumbi unaingia giza, na anasema kwa utulivu: “Haya hayatuhusu.” Tunahesabu pumzi mpaka kofia inatoka. Kuna filamu moja iliyotuacha gizani mpaka Damaris, msimamizi wa usafi wa vyumba, akauliza kama wamelala.

Mimi nilijifanya mjuaji. Nilikaa mstari wa mbele nikilalamika kwamba filamu zote hizi zinasimama juu ya kosa moja la kijinga. Bibi anadhani bwana ni mume wa rafiki yake, bwana anadhani bibi amemkataa, na wote wanaimba kwa uchungu, wakati sentensi moja tu ingemaliza kila kitu na sisi tukaenda kula. Nilisema hayo kila Ijumaa, kwa sauti, mdomo umejaa njugu. Yashikeni maneno hayo, maana yalinirudia.

Pia nilijaribu kucheza. Nilipanda meza ya ukumbi na viatu vyangu vya ulinzi, nikagonga mara tatu, meza ikajibu mara moja. Kwenye daftari la kliniki imeandikwa nimeteleza bafuni. Leo nasahihisha kumbukumbu.

Na niliiba maneno. Bwana wa kwenye shuka alikuwa na maneno matamu kupita kiasi. Amesimama darajani na koti la mkia, anamwambia bibi tajiri mwenye manyoya shingoni: nimezunguka dunia, sijaona mwanamke anayeshona kifungo kama wewe. Mimi huyu, kwa ujinga wangu, nikampigia Carolyne wangu aliyeko Nakuru nikamwambia hivyo hivyo. Akaniuliza ni nani huyo anayenishonea vifungo huko Qatar. Tuliachana miezi miwili. Sikujiuliza hata siku moja bibi tajiri wa darajani ameshona kifungo cha nani.

Aliyekuwa akishona vifungo ni Bi Zainabu. Ni mshonaji wetu wa chumba cha mashuka, mwenyeji wa Tanga, mjane, mwanamke wa maneno machache na macho yanayoona uzi uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara. Kila Ijumaa alikaa karibu na mlango na kazi yake mapajani. Miaka na miaka Mzee Faraji alikuwa anatia maneno yake kwenye midomo ya mabwana wa Hollywood ili yamfikie yeye, na ukumbi mzima ulijua. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi peke yangu, mlinzi mwenye cheti cha uangalifu, sikusikia mtu akikohoa.

Mbona hakumwambia mwenyewe? Kwa sababu Mzee Faraji ni mtu wa kwao. Kwao mtu mzima hajiposei, anamtuma mshenga, na wazee aliowazoea wa kumtuma wako Unguja. Akaahirisha. Mwaka huu barua ya kustaafu ikafika, na kustaafu hapa mnakujua: kazi ikiisha kibali kimeisha, unapanda ndege. Mwezi Mei akaniita kando, akaniambia yale maneno ya Ijumaa yote yalikuwa ya Bi Zainabu, na akiondoka bila jibu lake atakuwa ameacha nusu yake Doha. Akaniomba niwe mshenga. Alisema nina uso wa kuaminika. Damaris anasema nilikuwa mtu pekee mwenye mapumziko Jumamosi.

Mkubwa wa Bi Zainabu hapa ni binamu yake, Bwana Abubakari, dereva wa familia moja kule Al Thumama. Mzee alinipa masharti. Nivae vizuri. Nianzie mbali, habari za nyumbani na joto, nisikurupuke. Na nisilitaje jina la aliyenituma mpaka niulizwe, maana jina la mtu halirushwi sebuleni kabla mlango haujafunguliwa.

Ninyi mnaotoka pwani mmeshaliona shimo. Mimi niliingia na miguu yote miwili.

Nilivaa suti yangu, Mzee ameipiga pasi mwenyewe mpaka inakata. Tai nyekundu. Udi nilijipaka mpaka dereva wa teksi akafungua madirisha yote manne kwenye joto lile. Nikabeba halua. Mshenga kwa kawaida ni mtu mzima, tena haendi peke yake. Mimi nina miaka thelathini na minne na nilikuwa peke yangu, nang'aa kama kaunta ya dhahabu. Nikajitambulisha mlangoni kwa jina langu. Nikaongea habari za joto. Kisha nikasema nimekuja kwa ajili ya Bi Zainabu, kwa nia njema ya ndoa.

Bwana Abubakari aliitazama tai. Akauliza suala la dini limekaaje. Nikijua Mzee Faraji hakosi swala, nikamwambia hilo ndilo jepesi kuliko yote. Akauliza kuhusu umri. Nikasema, kwa tabasamu, mapenzi hayaulizi cheti cha kuzaliwa. Akauliza kama dada yake ana habari. Nikasema anayo sana, amekuwa akiambiwa kila Ijumaa mbele za watu. Kahawa ilimpalia. Jina la aliyenituma hakuliuliza. Angeliulizaje, na bwana harusi amekaa mbele yake ananukia? Nikaondoka nikijipongeza, nikipiga mluzi mmoja wa zile nyimbo.

Siku tatu baadaye akanipigia simu. Kwa upole mwingi akasema dada amekataa, ananiombea heri, na ananishauri nitafute wa rika langu.

Mjumbe hauawi, na mimi ni mtu wa redio ya ulinzi: ninachopokea ndicho ninachopeleka. Nikaenda moja kwa moja chumba cha pasi nikamwambia Mzee Faraji, neno kwa neno, Bi Zainabu amekataa, anasema utafute wa rika lako.

Bi Zainabu ana miaka hamsini na miwili, Mzee sitini. Mzee alisikia kwamba yeye ni mzee mno. Alinishukuru, akanipa mgongo, akaendelea na foronya aliyokuwa ameshaipiga pasi. Ijumaa ile hakuna shuka lililotundikwa. Iliyofuata vilevile. Alikwenda ofisini kuomba tiketi yake irudishwe nyuma, aondoke hata kabla ya sherehe ya kumuaga. Nilimwona akipita langoni pangu na kanzu yenye kunyanzi kifuani, na haki nawaambia, niliumia kuliko siku niliyoanguka mezani. Ukumbi wa chakula ukawa ukumbi wa chakula tu.

Bi Zainabu naye akaanza kunikimbia. Akiniona lango la nyuma anazunguka la mbele kwenye jua kali. Mimi nikadhani ana aibu kwa kumkataa Mzee, nikawa namtazama kwa jicho la lawama, jambo ambalo, nikilifikiria leo, natamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni Damaris. Alinikuta nakula, akaketi mbele yangu, akaniuliza, mwana wa mama, mbona unamsumbua mwanamke anayeweza kukuzaa. Nikamwambia mimi simsumbui mtu, mimi nilitumwa na Mzee Faraji.

Sentensi moja. Ile ile niliyokuwa nikiidai kila Ijumaa mdomo umejaa njugu. Damaris aliweka kijiko chini taratibu. Halafu akaniita jina la mnyama mmoja mvumilivu wa kubeba mizigo, ambalo jarida hili haliwezi kulichapa, akaondoka mbio kwenda chumba cha mashuka.

Bi Zainabu, anasimulia Damaris, alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua sindano. Aliuliza jambo moja tu: Ijumaa kuna sinema?

Hapakuwa na sinema, ila Damaris aliipanga. Tatizo lilikuwa kumshusha Mzee kutoka chumbani kwake, maana alikuwa amejifungia na sanduku liko wazi kitandani. Tulimgongea, hakufungua. Basi tukatundika shuka lenyewe, kwa makusudi, likiwa limefinyangwa kama karatasi ya chapati, na Damaris akapanda ngazi kumwambia kupitia mlangoni kwamba tumeanza bila yeye na shuka halijapigwa pasi. Haikupita dakika. Alishuka na pasi mkononi, kichwa wazi, macho mekundu, akafoka kwamba ametufundisha bure, akaanza kulinyoosha pale pale ukutani. Kichwa kilikuwa wazi kwa sababu kofia yake ilikuwa chumba cha mashuka tangu mwanzo wa mwezi, imefumuka ukingoni, na baada ya jibu nililompelekea hakuwa na uso wa kwenda kuichukua.

Alipomaliza nikamwomba akae tu, leo atafsiriwe yeye. Filamu ikaanza. Kipaza sauti kilikuwa mezani, na mkono uliokishika ulitoka upande wa mlangoni.

Bi Zainabu hajui nyimbo. Hakubadilisha sauti wala hakumtafsiri mbwa. Alinyamaza robo tatu ya filamu, mpaka bibi wa kwenye shuka aliposhuka ngazi za marumaru na kuanza kuimba. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia uzi mweupe, kwamba huyu dada anasema yeye si kiziwi. Anasema amesikia tangu vifungo vya kwanza. Anasema mwanamume mzima anamsemesha mtu kupitia shuka la hoteli, halafu anamtuma mlinzi aliyejipaka udi wa kijiji kizima. Ukumbi ulinigeukia wote. Anasema yeye alimkataa mlinzi. Huyo mwingine hajamkataa, kwa sababu hajaletewa.

Bibi wa kwenye shuka akaendelea kuimba, na Bi Zainabu akaendelea. Dada anasema mkataba wake unaisha Desemba. Anasema bwana atangulie Unguja apake nyumba rangi, na mshenga aende tena Al Thumama, safari hii na mtu mwenye akili. Anasema atakuja. Na anasema pasi nyumbani atapiga bwana.

Mzee Faraji alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka wazi, hakuyaficha, na mimi pia yalinitoka, ingawa niliwaambia walio karibu ni vitunguu vya jikoni.

Kwenye shuka bwana na bibi wakasogeleana. Sote tukageuka kutafuta kofia, kwa mazoea. Ilikuwa kwenye mfuko wa Bi Zainabu, ukingo umeshonwa upya kwa uzi mweupe usioonekana. Akaitoa, akaiweka mbele ya projekta, ukumbi ukawa giza.

“Haya yanatuhusu,” alisema. “Ila si ninyi.”

Vigelegele vya Damaris vilisikika mpaka duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Jumamosi nilikwenda tena Al Thumama, nyuma ya wazee wawili wa Kizanzibari, nikiwa nimevaa sare ya ulinzi pamoja na kofia na kitambulisho ili asije mtu akanidhania tena bwana harusi. Bwana Abubakari alinipokea kwa heshima zote na akaniketisha mbali na halua. Mzee Faraji alitajwa kwa jina lake kamili kabla kahawa haijamiminwa.

Mzee wetu, hoteli inakushukuru kwa kila kola na kila shuka. Sisi tunakushukuru kwa zile Ijumaa ambazo watu wenye makoti ya mkia waligombana kwa wimbo mbele yetu tukasahau miguu inauma. Projekta umeniachia mimi, na nimeshaanza kutafsiri. Wiki iliyopita watazamaji walidai warudishiwe kiingilio, na kiingilio hakuna.

Nenda salama, upake hiyo nyumba rangi, Desemba si mbali. Tunawaombea, wewe na Bi Zainabu, maisha mema, marefu, yaliyonyooka kama kanzu iliyotoka mikononi mwako. Yaliyobaki hayatuhusu.